Taa ya Sifuri

Mgodi ulifungwa Machi, theluji bado ikitufika magotini.
Nikapewa saa ya ukutani, kipande cha keki,
na karatasi ya kusema Serikali itanilipia kozi, miezi sita,
mradi nichague lugha.

Lugha! Nilicheka hadi machozi.
Miaka hamsini na mitatu nipo hapa Kohtla-Järve
na Kiestonia bado kinanikwama kooni kama mfupa wa samaki,
miisho kumi na minne kwa neno moja.
Mkate nanunua kwa Kirusi, radhi naomba kwa kidole.
Leo niongee na bati?

Binti yangu Ksenia akapiga simu kutoka Tartu:
Mama, anza na Paithoni, ni laini, inasomeka kama barua.
Mwanangu, nikamwambia, hilo ni jina la chatu.
Heldur wa ghorofa ya pili, fundi umeme mstaafu,
akanigongea mlango kwa soksi zake za sufu:
Usidanganyike. Anza na C.
Mwanzo ukiwa mlima, mengine yote ni mteremko.
Mpwa wangu Tymur akataja ile ya tovuti, yenye ajira,
kisha nyingine, mpya, ambayo jina lake maana yake ni kutu.
Kutu! Miaka thelathini na mmoja nimesugua kutu
kwenye ndoano za taa, kwa brashi na mafuta ya taa,
sasa nikae darasani nifundishwe kutu?

Wiki nzima nikapima, kama anayechagua viatu vya mazishi.
Nikachora jedwali: rahisi, ngumu, mshahara.
Likanishinda. Nikalitandika chini ya bakuli la paka.

Maktabani, Maimu akanipa kitabu pekee kilichokuwapo,
jalada limeunguzwa na kikombe, ukurasa wa arobaini haupo.
Cha chatu. Basi, ndivyo nilivyochagua.
Msinitafutie hekima.

Ila mwalimu aliposema, andikeni jambo mnalolijua,
wenzangu wakaandika Hujambo, dunia,
na vidole vyangu vikaenda vyenyewe chumba cha taa.
Mnajua kazi yangu ilikuwa nini?
Alfajiri, kidirishani, namba kwa namba, naikabidhi taa;
jioni naipokea ikiwa na joto la kichwa cha mtu.

Kwa kila taa iliyotoka:
    kama imerudi, itundike;
    kama haijarudi, usiende nyumbani.

Hiyo ndiyo sheria. Niliisema miaka yote ile
bila kujua kuwa ni lugha.

Mashine ikanigomea mara nne.
Umesahau nukta mbili, mstari wa pili.
Nafasi hazilingani, mstari wa tatu.
Haikufoka. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa akifoka.
Mara ya tano ikanyamaza kidogo, kisha ikaandika:
88.

Mimi mwenyewe niliiweka themanini na nane kuwa haijarudi,
makusudi, kuijaribu. Jibu nilikuwa nalijua.
Ruslan, miaka ishirini na miwili, meno ya mbele yamepishana.
Asubuhi ile aliniomba kalamu, akaondoka nayo.
Kumbe namba inaweza kukutazama.

Jambo moja lilinikera: orodha inaanzia sifuri.
Nikamwuliza mwalimu, kijana mwembamba, Joosep jina lake:
taa gani hiyo ya sifuri? Nani aliibeba?
Akasema, mashine ndivyo zinavyohesabu, utazoea.

Usiku, kitandani, nikaikumbuka.
Ile ya mezani pangu, isiyo na namba, kioo kimepasuka,
haikushuka shimoni hata siku moja.
Kazi yake kuwaka
mpaka zote zirudi.

Sikumbuki ni nani aliyeizima, usiku ule.